Nyumba Imala: Maneno ya Kibao cha Fundi Maganga

Mwiko nimeuweka chini mwaka huu, nikiwa na miaka arobaini na kitu, umri ambao mafundi wengi ndio kwanza wanaanza kuheshimiwa. Sababu ni jicho la kulia. Chokaa ilinirukia zamani nikaipuuza, na sasa daktari amenikataza kupanda jukwaa. Ninyi vijana niliowaacha kazini Geita mmeniomba niandike niliyoyaona. Nitaandika, ila anayetafuta habari za vyeo na mishahara ataichoka karatasi hii mapema. Vyeo sikupata vya kusimulia, na mshahara wangu uliisha kila mwezi kama wa kwenu. Nitaandika juu ya watu walionifundisha, na hasa juu ya kibao kimoja kilichokuwa na maneno mawili, na katika hayo mawili moja lilikuwa na kosa. Kosa hilo nililifanya mimi.

Nilizaliwa upande wa Maswa, nikasoma hadi sekondari kule Tabora. Siku zile jambo hilo lilitosha kumfanya mtu aitwe msomi hata kama hajui kufunga mbuzi kamba. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa pwani, na sisi Wasukuma tulimtesa. Kwetu L na R ni mapacha: anayefika kwanza mlangoni ndiye anayekaribishwa. Alitupanga mstari kila asubuhi tukasema, "Lori la rangi limelala barabarani," mpaka ulimi unyooke. Wengine haukunyooka hadi leo. Wangu ulinyooka, nami niliujivunia kuliko cheti.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa stoo katika mgodi wa dhahabu Geita. Niliandika sururu na taa zinazotoka asubuhi na zinazorudi jioni. Ilikuwa kazi safi, yenye kiti na kivuli, na wenzangu walinionea wivu. Lakini miguu yangu haikuumbwa kwa ajili ya kiti. Kila lori lililopita kwenda kusini nililifuata kwa macho mpaka vumbi litulie. Baada ya misimu miwili ya mvua nikaaga. Nilikaa Masumbwe miezi miwili bila sababu yoyote, ila kwamba palikuwa na asali nzuri na watu wacheshi. Nikasogea Kahama, nikapachoka, nikasogea tena. Hivyo ndivyo nilivyofika Shinyanga, vita vikiwa ndiyo vimeanza huko Ulaya, nikiwa na begi moja na kalamu ya wino isiyo na wino.

Nyuma ya stesheni nilimkuta mtu mfupi, mpana, aliyevaa kofia kuukuu ya reli, akijenga ukuta huku akikohoa. Huyo ndiye Fundi Maganga. Kifua chake kilikuwa kimeharibiwa na moshi wa tanuri za matofali. Niliomba kazi.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Kusoma na kuandika, fundi."

"Ukuta hausomi. Shika hii."

Akanipa timazi, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni, akanionyesha pa kuishikilia juu ya ukuta. "Isipotulia usiniite," akasema. Upepo ulikuwepo. Niliishika mpaka mkono ukafa ganzi. Ilipotulia nikageuka kumwita, hakuwepo. Alikuwa amekwenda kunywa chai.

"Sasa umejua kazi moja," akaniambia aliporudi akipangusa midomo. "Zimebaki nyingine."

Zilizobaki alinifundisha kwa miaka, naye hakujua kusoma hata jina lake. Alipiga tofali kwa mpini wa mwiko na kusikiliza. Likilia kama kengele, alilijenga. Likilia kama kibuyu, alilitupa, hata kama mwenye nyumba anatazama. Alinifundisha kuiloweka chokaa na kuiacha shimoni majuma kadhaa bila kuichokonoa, maana chokaa iliyoharakishwa hutoa mabaka ukutani mwaka unaofuata. Na alinifundisha kuuogopa udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikija unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza jembe. Ukiweka msingi juu yake, nyumba itacheza bila ngoma. Lazima uchimbe mpaka sururu ilie kwenye changarawe, hata kama mwenye nyumba anakuuliza kama unachimba msingi au kisima. Hayo yote nimewafundisha ninyi, na mlipokuwa mkininung'unikia, kwa kweli mlikuwa mkimnung'unikia Maganga.

Sasa nieleze jambo ambalo hakujivunia.

Mama Nkwimba alikuwa mjane aliyeuza mchele na karanga karibu na stesheni. Mumewe alimwachia ng'ombe, naye kwa ng'ombe hao akaamua kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, paa la bati. Mwanamke kujijengea nyumba ya bati siku zile lilikuwa jambo la kusimamisha watu njiani. Tulipandisha kuta, tukafunga kenchi, na hapo mabati yakakatika. Vita vilikuwa vimeyameza. Tulingoja zaidi ya mwaka. Yalipofika machache, yalikuwa yameandikwa kwa ajili ya nyumba yake. Lakini Bwana Kanji, mwenye duka kubwa la nguo na sukari, alikuwa anajenga upande wa pili wa barabara, na mawingu yalikuwa yametanda. Maganga alikwenda kwa mjane, akamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, akamwambia, "Mayu, sukari ya Bwana Kanji italowa. Nyumba yako haina kitu cha kulowa bado. Zamu ijayo ni yako." Tukaezeka duka. Misumari mingine niliipiga mimi mwenyewe.

Zamu ijayo haikuja. Vita viliisha, nyumba ikabaki na kuta tu. Mvua zililamba matofali ya juu, mbuzi wakafanya vyumba vile vitatu kuwa vyao, na kwa bahati mbaya nyumba yenyewe ilikuwa kando ya njia itokayo stesheni kwenda sokoni. Kila aliyeshuka garimoshi aliiona kabla hajaona kitu kingine Shinyanga. Akiuliza ni nyumba ya nani, aliambiwa jina la fundi badala ya jina la mwenye nyumba. Wakamwita Maganga Nusu.

Jina hilo lilituua. Alikuja fundi mwingine kutoka Tabora, akatundika kibao kilichoandikwa KAZI UPESI, na watu wakamfuata. Kuta zake zilikuwa zimepinda kama mkia wa mbwa, lakini zilikuwa na paa. Sisi tulikuwa mafundi tisa. Mmoja mmoja walikwenda kwenye machimbo. Tulibaki watatu: Maganga, mimi, na Petro, Muha aliyecheka kila kitu pamoja na njaa.

Asubuhi moja Maganga akasema, "Pamba ikishavunwa kama hatujapata nyumba ya kujenga, nakwenda Geita kuchimba."

"Na kifua hicho?" nikamwuliza. Niliwahi kuwaona wachimbaji wenye vifua vizima wakitoka shimoni wakitema vumbi.

"Kifua hiki ndicho nilicho nacho."

Petro hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika kweli.

Bwana Kanji ndiye aliyetupa ubao. Ulikuwa mfuniko wa kasha la chai, mrefu kama mkono na nusu. Nadhani alijua duka lake lilivyopata paa, ingawa hakusema. "Fundi," akamwambia Maganga, "yule wa Tabora hajengi kukushinda. Anaandika kukushinda. Na wewe andika."

Mkutano wa kutafuta maneno tuliufanya barazani kwa Mzee Sefu, fundi cherehani wa kutoka Pangani, ambaye aliamini kwamba Kiswahili chote cha Shinyanga kimekabidhiwa kwake akilinde. Maganga alifungua mkutano kwa kutaja maneno aliyoyafikiria siku tatu: Maganga Fundi wa Nyumba Zote Kubwa na Ndogo na Vyoo.

"Ubao utaishia kwenye ndogo," nikamwambia.

"Andika herufi nyembamba."

"Basi ondoa vyoo."

"Vyoo vina faida, Karani. Usividharau."

Mimi nilileta yangu ya shuleni: Msingi Bora Ndio Mwanzo wa Ustaarabu. Mzee Sefu akauliza kama tunajenga nyumba au tunahutubia. Petro akapendekeza, "Hatulali." Mzee Sefu akamwambia kwamba wasiolala ni wachawi na wezi, achague. Petro akaangua kicheko mpaka akashuka barazani. Tukajaribu Bei Nafuu, Maganga akakataa. Alisema neno nafuu huwaleta watu waliokwisha kukataliwa na mafundi wengine. Tukajaribu Jenga Nasi. Mzee Sefu akauliza, "Mjenge nanyi, wao washike mwiko?"

Mwisho ni yeye aliyeacha kukanyaga cherehani, akang'ata uzi, akasema, "Nyumba imara. Basi. Maneno mawili. Mtu akipita na baiskeli anayasoma kabla hajaanguka."

Maganga aliyarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Nyumba imala," akasema. "Imala. Ndiyo hayo."

Kwa wale mtakaopewa kazi ya kuandika vibao, maana fundi hupewa kila kitu: msianze kushoto. Hesabuni herufi, tafuteni ya katikati, anzieni hapo kwenda pande zote mbili, la sivyo mwisho wa neno utabanwa ukingoni mwa ubao. Pigeni mistari kwa uzi uliopakwa chokaa. Brashi yangu niliifunga kwa manyoya ya mkia wa ng'ombe. Rangi nyeusi ilikuwa kidogo na nzito, nikaipunguza kwa mafuta ya taa. Hayo yote niliyafanya sawasawa. Nilikuwa nimeinama, ulimi umetoka nje kidogo, na Maganga alisimama nyuma yangu akifurahi kama bwana harusi. "Imala," alikuwa akisema. "Nyumba imala kabisa. Imala sana. Andika, Karani, imala."

Nikaandika. Tukakitundika mbele ya banda letu, pembeni mwa soko, nikakitazama kwa majivuno nikaenda kula.

Kesho yake Mzee Sefu alikuja kutupongeza. Akasimama mbele ya kibao. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Karani," akasema, "imala ndiyo nini?"

"Imara, mzee. Si wewe uliyesema?"

"Mimi nilisema imara. Hapa ninasoma imala."

Nikatazama. Herufi L ilikuwa imekaa pale, nyeusi, nene, ndefu kama kiganja, bila haya. Mkono wangu ulikuwa umelifuata sikio, na sikio lilikuwa limemfuata Maganga. Asubuhi zote zile za lori la rangi zilikuwa zimekwenda na maji.

"Na Tabora ulikwenda kusoma au kupumzika?" akauliza Mzee Sefu. Alicheka akaketi chini.

Ningependa kusema kwamba aibu iliishia hapo. Lakini mwuza chumvi mmoja aliyejua kusoma alipita, akasoma kwa sauti, na wanawake wa sokoni wakasikia. Sasa, kwetu kumala ni kumaliza. Maneno yale kisarufi hayakuwa Kiswahili wala Kisukuma, lakini sikio halisubiri sarufi. Wanawake walisikia kwamba Maganga anatangaza kuwa kwake nyumba huisha.

"Njooni mwone!" mmoja akaita. "Nusu kaandika anamala!"

"Nani? Nusu?"

"Yuyu huyu! Na wino mweusi!"

Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Petro naye akapiga vigelegele, sijui kwa ajili ya nani. Maganga aliingia ndani ya banda akakaa juu ya rundo la kamba.

Lakini sokoni kicheko husafiri. Kabla ya adhuhuri wakaja watu wawili kuuliza kama kweli siku hizi tunamaliza. Na alasiri akaja mfanyabiashara wa mchele kutoka Nyasubi, Kahama, aliyekuwa anataka ghala. Alisema wazi kwamba mafundi wawili wamekwisha kumwachia kuta bila paa, na kwamba ameletwa na neno lile. Angerudi Jumamosi, tukiwa tayari, tungeanza siku ileile. Ghala la mchele! Hiyo ni kazi ya miezi. Hakuna tena habari ya kwenda kuchimba Geita.

Maganga alinishika bega baada ya yule bwana kuondoka. "Rekebisha kibao sasa," akasema. "Ametuona, inatosha. Wasiendelee kunicheka."

Kurekebisha hakukuwa kazi kubwa. Ungekwangua kisigino cha L kwa wembe, ukaongeza tumbo na mguu, ingekuwa R. Asubuhi iliyofuata nilikiteremsha kibao, nikakilaza juu ya mapipa mawili, nikachanganya rangi. Nilikuwa na wembe mkononi Mama Nkwimba alipofika.

Alikuja na kigoda chake cha sokoni. Akakiweka mbele ya kibao, akaketi, akapanga vazi lake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Maganga yuko wapi?"

Maganga akatoka, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona ameshika kofia mkononi.

"Mimi sikusoma," akasema Mama Nkwimba. "Nimesomewa. Wananiambia umeandika kwamba wewe unamala."

"Mayu, imekosewa. Ni karani. Ameteleza herufi moja."

"Ilitakiwa isemeje?"

"Imara. Kwamba nyumba ina nguvu."

"Kuta zangu zina nguvu," akasema. "Mbuzi wanaziparamia kila siku hazijaanguka. Nguvu sikuikosa, Maganga."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Mama Nkwimba akanigeukia mimi, akautazama wembe.

"Basi na wewe futa," akasema. "Kama ni uongo, futa nikiona. Nisije nikasomewa tena kesho."

Nilimtazama Maganga. Nimefanya kazi na watu wengi, na nimewaona wakiamua mambo kwa kelele. Yeye alikohoa kwanza, kwa muda mrefu, akajifuta mdomo. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza mchanga, "Karani, kitundike."

"Hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Mayu, nenda nyumbani ukawatoe mbuzi."

Mama Nkwimba hakushukuru. Alichukua kigoda chake akaenda.

Petro ndiye aliyeuliza tulilokuwa tukiogopa kuuliza. "Fundi, mabati tutayatoa wapi?"

Mabati bado yalikuwa adimu. Aliyeyahitaji alingoja zamu, na zamu ilikuwa miezi. Maganga alitazama upande wa nyumba yake, iliyokuwa nyuma ya banda. Ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba viwili na jiko. Ilikuwa na paa la bati.

Mkewe, Mama Shija, alikuwa anachambua mchele mlangoni alipotuona tukija na ngazi.

"Mnakwenda wapi na ngazi hiyo?"

"Hapa," akasema Maganga.

"Paa limevuja?"

"Litavuja."

Akamweleza. Mama Shija aliweka ungo chini, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ile siku ya duka la Kanji nilikwambia nini?"

"Uliniambia."

"Nilikwambia nini, Baba Shija?"

"Kwamba bati la mjane lina masikio, halisahau."

"Haya. Anza na upande wako wa kitanda. Jiko langu liwe la mwisho, na nyasi za kuezekea uzilete leo, si zamu ijayo."

Tulifungua mabati yale siku mbili. Nawaachia hili, maana hamtalipata kitabuni: bati lililokwisha kutumika lina matundu, na mafundi wengi huyaziba kwa lami na kutoboa mapya. Lami hupasuka kwa jua. Maganga alinituma nipime umbali wa matundu kwenye kila bati, nikaandika kwa mkaa, kisha tukapanga papi, zile mbao za kupigilia bati, za nyumba ya Mama Nkwimba kufuata matundu ya zamani. Msumari ukapita palepale ulipopita wa kwanza. Paa lile halikuvuja. Matofali ya juu yaliyolambwa na mvua tuliyaondoa safu tatu, tukajenga upya. Kenchi mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, Petro akazibadilisha. Jukwaani Maganga alipanda mwenyewe, akikohoa, hakutaka mwingine apige misumari ya kofia ya paa.

Jumamosi ilifika. Yule mfanyabiashara wa Nyasubi alikuja bandani, hakutukuta, akaelekezwa. Alitukuta juu ya paa, upande mmoja umeezekwa, upande mwingine mifupa mitupu.

"Fundi, shuka tuzungumze!" akaita.

Nilikuwa karibu na Maganga. Nilimnong'oneza, "Shuka, fundi. Zungumza naye. Hapa tumebakiza siku nne tu, mimi na Petro tutaendelea."

Hakugeuza hata kichwa. Alikuwa na misumari mitatu mdomoni. Akaitoa. "Ukishuka katikati ya paa," akasema, "ngazi inaijua njia. Ilinishusha siku ile ya duka la Kanji." Kisha akaita chini, "Bwana, samahani! Sijamala!"

"Mwenzako wa Tabora anaanza leo!"

"Mwambie achimbe msingi uwe mrefu! Kule Nyasubi kuna udongo mweusi!"

Yule bwana alisimama kidogo, akapanda baiskeli, akaenda zake kumtafuta wa KAZI UPESI. Nilimfuata kwa macho kama nilivyokuwa nikifuata malori. Nakiri kwamba siku ile nilifikiri kuondoka. Begi langu halikuwa na vitu vingi. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeshika upande wa pili wa bati, na ukiachia bati kwenye upepo linamkata mtu.

Siku ya mwisho tulitia mlango. Tulizoa vipande vya mbao, tukafagia vyumba vyote vitatu, tukasimama nje kama watu wanaosubiri picha. Mama Nkwimba alikuja na majirani na nusu ya soko, na wale wanawake wa vigelegele walikuwepo, kimya, wakingoja waone watapiga au hawatapiga. Maganga alikuwa na uso wa mtu aliye mbele ya hakimu.

Mama Nkwimba akaingia peke yake. Tulimsikia akitembea ndani, chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akarudi mlangoni. Alitutazama sote, kisha akaufunga mlango. Tukasikia komeo likiingia.

Tulingoja. Hakufungua.

"Amekasirika?" Petro akaninong'oneza.

Komeo likatoka, mlango ukafunguka, akatutazama, akaufunga tena. Komeo likaingia. Mara ya tatu alipofungua, alikuwa ameegemea kizingiti, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Maganga," akasema, "bado mko hapa?"

"Tupo, mayu."

"Mnangoja nini? Ondokeni kwangu. Nyumba imemala."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika stesheni. Maganga alivaa kofia yake. Alijaribu kusema "wabeja", neno letu la kushukuru, ingawa aliyepaswa kushukuriwa alikuwa yeye. Kikohozi kikamkatiza, akamaliza kwa kuinamisha kichwa. Tukaondoka, tumebeba ngazi.

Maganga hakwenda Geita kuchimba. Juma lile lile walikuja watu wawili waliokuwa wamesimama mbele ya mlango ule. Wa kwanza, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, hakuuliza tunajengaje wala tunajenga kwa siku ngapi. Aliuliza, "Mimi mtaniondokea lini?" Maganga alifikiri, akataja mwezi, na mwezi huo tukamwondokea. Jina la Nusu halikufa siku moja, lakini lilibaki kwa watani tu, na mtani ana haki yake. Kibao hatukukirekebisha. Mzee Sefu alikisema vibaya kila asubuhi kwa miaka, na aliponunua kiwanja alikuja kwetu.

Nilikaa na Maganga misimu mingi kuliko nilivyowahi kukaa na mtu yeyote. Nilijifunza kwake mpaka akasema hana kingine, nami nikajua ni ruhusa. Nikaenda Kahama, nikajenga Nyasubi, ambako nililiona ghala moja la mchele lenye ufa wa kupitisha mkono. Sikumwuliza mwenyewe kitu. Nikajenga shule Masumbwe, wakati huu sikukaa kwa ajili ya asali peke yake. Mwisho nikarudi Geita, nilikoanzia, nikiwa na mwiko badala ya kalamu, nikawakuta ninyi. Kila mahali swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba lilikuwa lile la mwenye mashine, ila mimi nilimwuliza yeye: "Unataka tukuondokee lini?" Wengine walidhani nina kiburi. Wengi walielewa nyumba ilipokwisha, waliposhika komeo lao kwa mara ya kwanza na kutaka kuwa peke yao.

Mtu wa miguu kama yangu angeweza kuishia barabarani bila kuwa na faida kwa yeyote. Nilibahatika kukutana na kazi ambayo mwisho wake mwema ni kuambiwa uende zako. Nimefukuzwa kwenye nyumba nyingi nzuri, toka Shinyanga mpaka Geita. Nashukuru kwa zote.